Laini Moja, Nchi Tatu: Jinsi Afrika Mashariki Ilivyokwepa Gharama za Romingi

Leo tuweke misimbo kando kidogo tuongee historia. Kila nikikaa na wenzangu wa fani hii na mazungumzo yakafika kwenye romingi, yaani ile huduma ya laini yako kuendelea kufanya kazi ukiwa nchi ya watu, lazima mmoja aseme kwamba Ulaya ndiyo iliyowafundisha wanadamu kufuta gharama hizo. Wanataja tarehe kabisa: 15 Juni 2017, siku ambayo raia wa Umoja wa Ulaya walianza kutumia simu zao nchi jirani kwa bei ya nyumbani.

Tarehe ni sahihi. Lakini kuhusu nani alitangulia, hapana! Septemba 2006, karibu miaka 11 kabla ya hapo, mtu mwenye laini ya Kenya aliweza kuvuka Malaba au Namanga, akapokea simu bila kukatwa hata senti, akapiga kwa bei ya wenyeji, na salio likiisha akanunua kadi ya kukwaruza kwenye duka la Uganda au Tanzania na kuiingiza kwenye laini ile ile. Jambo hilo lilitokea hapa kwetu, na wengi wetu tumelisahau.

Mimi nalikumbuka kwa sababu ni mtu wa Salama. Kwa msiopajua, Salama ni soko la kando ya barabara ya Mombasa, upande wa Makueni, kabla hujafika Sultan Hamud ukitoka Nairobi. Usiku utakuta malori yamepangwa foleni, madereva na utingo wao wanakula, wengine wamelala ndani ya kabati. Lori lililopakia Mombasa likapita kwetu leo, wiki ijayo liko Kampala, Kigali, Juba au Goma. Kwa watu wa Salama romingi haikuwa habari ya wafanyabiashara wenye mikoba uwanja wa ndege. Ilikuwa ni swali la kama baba atajua kwamba mtoto amelazwa.

Tuanze na swali la msingi: kwa nini romingi ilikuwa ghali? Wengi hudhani ni umbali. Lakini ukiwa Busia upande wa Kenya, ukapiga simu kwa mtu aliye Busia upande wa Uganda, umbali ni wa kutupa jiwe. Kutoka Salama hadi Busia ya Kenya ni mamia ya kilomita, na simu hiyo ilikuwa ya bei ya kawaida. Kwa hiyo umbali si sababu.

Sababu iko kwenye madaftari. Kila laini ina namba ya siri ya utambulisho ambayo huanza na tarakimu tatu za nchi: 639 ni Kenya, 640 Tanzania, 641 Uganda. Kampuni yako ina daftari kubwa la wateja wake, tuliite daftari la nyumbani. Ukivuka mpaka na simu ikashika mnara wa jirani, mtandao ule unasoma 639, unajua wewe ni mgeni, unakuandika kwenye daftari lake la wageni, kisha unaarifu daftari la nyumbani: mtu wenu yuko kwangu.

Sasa mke wa dereva aliye Salama anapiga namba ya mumewe aliye Kampala. Simu inaingia kwanza kwenye mitambo ya Nairobi. Mitambo inauliza daftari la nyumbani, daftari la nyumbani linaliuliza daftari la wageni la Kampala, Kampala inatoa namba ya muda, halafu simu inasafirishwa kwenda huko kama simu ya kimataifa. Mama yule amepiga namba ya Kenya, kwa hiyo analipa bei ya Kenya. Kile kipande cha Nairobi hadi Kampala analipa nani? Analipa mwenye simu, yule anayepokea. Ndiyo maana dereva alikatwa pesa kwa kupokea tu. Na ikiwa madereva wawili wenye laini za Kenya wako Kampala, hata kama wameketi meza moja, mmoja akimpigia mwenzake sauti ilikwenda Nairobi ikarudi Kampala! Simu moja, safari mbili za kimataifa, na kila kampuni njiani inaongeza chake.

Mwisho wa yote kampuni hizo mbili hubadilishana mafaili ya hesabu na kudaiana kwa bei waliyokubaliana wenyewe. Mteja hayumo kwenye kikao hicho. Gharama ya mitambo yenyewe ni ndogo. Kilichokuwa kikubwa ni bei iliyoandikwa kwenye mkataba.

Haya, turudi nyuma. Wazo la Afrika Mashariki kuwa eneo moja la mawasiliano halikuanza na simu za mkononi. Mwaka 1933 idara za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa moja, ndiyo maana stempu za zamani zina majina ya nchi zote tatu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 uliendeleza jambo hilo kupitia shirika la pamoja la posta na simu, makao yake makuu yakiwa Kampala. Jumuiya ilivunjika 1977, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Hata hivyo alama moja ilibaki kwenye vidole vya watu. Aliyepiga simu Tanzania kutoka Nairobi alianza na 007, Uganda 006, na aliyekuwa Dar es Salaam au Kampala akiitafuta Kenya alianza na 005. Kwa wengine wote duniani ilibidi kutumia 254, 255 na 256. Sisi kwa sisi tulikuwa na njia ya mkato ya majirani.

Kisha zikaja simu za mkononi, na mipaka ikarudi kwa nguvu. Celtel ilianza Uganda 1995, MTN ikafuata huko 1998. Mwaka 2000 Vodacom ilianza Tanzania, na Kenya ikapata kampuni mbili zilizokuja kugawana soko, Safaricom na KenCell. Kila moja ilikuwa na kisiwa chake. Romingi ilikuwepo, lakini ilipangwa kwa ajili ya wateja wa malipo ya mwisho wa mwezi, na mara nyingi ulitakiwa kuweka amana kwanza. Mteja wa kadi za kukwaruza alikuwa mgumu kuhudumiwa kiufundi, maana mtandao wa ugenini lazima uulize salio lake nyumbani kabla ya kila simu, na uendelee kuuliza wakati anaongea. Na sisi wengi wetu tulikuwa watu wa kadi.

Wananchi hawakungoja wahandisi. Njia ya kwanza ilikuwa kumiliki laini nyingi. Dereva alikuwa na laini ya Kenya, ya Uganda na ya Rwanda, zimekunjwa kwenye karatasi ndani ya leseni, na akifika mpakani anafungua mgongo wa simu na kubadilisha. Nikiwa mtoto nilimwona jirani yetu mmoja ana simu tatu zimefungwa pamoja kwa mpira, kila moja na nchi yake. Simu za laini mbili zilipoingia sokoni, hasa zile za Kichina, madereva walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzikimbilia.

Njia ya pili ilikuwa kuflashi, au kubipu kama wasemavyo Watanzania. Simu ikilia bila kupokelewa hakuna anayelipa, na watu wakaifanya lugha. Mlio mmoja: nimefika mpakani. Miwili: nimepita salama. Mitatu: tafuta kibanda unipigie. Ukiitazama kwa jicho la mtengeneza programu, hiyo ni itifaki kamili ya mawasiliano iliyobuniwa na watu ambao hawakuwahi kuingia darasa la kompyuta.

Njia ya tatu ilikuwa kuiba mawimbi, kwa maana nzuri. Mnara wa simu za kizazi cha pili unaweza kumfikia mtu aliye hadi kilomita 35 hivi, na mawimbi hayaulizi pasipoti. Mtu aliyelala lojingi upande wa Uganda angeweza kusogea mahali panapofikiwa na mnara wa Kenya, akapiga nyumbani kwa bei ya nyumbani. Lakini mchezo huo huo uliwaumiza wengine. Wakazi wa Namanga na Loitokitok wanajua habari ya kukaa nyumbani kwako, mara simu inakukaribisha Tanzania! Dawa yake mpaka leo ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiacha simu ichague yenyewe.

Njia hizo zote zilikuwa na ubaya mmoja. Ukibadilisha laini, namba yako inakufa. Mama wa Salama ana namba moja tu ya mumewe. Mtoto anaugua saa nane za usiku, anapiga, anaambiwa mteja hapatikani. Si kwamba mteja hapatikani. Yupo Mbarara, anaendesha, na simu yake inawaka vizuri, ila laini ya Kenya imekunjwa kwenye leseni.

Hapo ndipo Celtel inaingia. Kampuni hii iliasisiwa na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, mwaka 1998. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa na mitandao katika nchi nyingi za Afrika. Ilikuwepo Uganda na Tanzania, na mwaka 2004 iliinunua sehemu ya Vivendi katika KenCell, nayo Kenya ikawa Celtel. Mwaka uliofuata kampuni nzima ikauzwa kwa MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4.

Ramani hiyo peke yake isingetosha. Kulikuwa na kizuizi cha sheria. Simu zote za kimataifa zilipaswa kupita kwenye lango la shirika lililopewa haki ya kipekee. Ukimiliki mtandao Kenya na mwingine Tanzania, bado hukuruhusiwa kuviunganisha moja kwa moja. Haki ya Telkom Kenya ilikwisha 2004, ya TTCL kule Tanzania ikaisha Februari 2005, na mwaka huo huo Uganda ikafungua soko lake. Tazameni mpangilio wa miaka: 2004, 2005, 2005, na Septemba 2006 Celtel ikazindua huduma yake ya One Network. Uhandisi ulikuwa tayari zamani. Uliokuwa ukisubiriwa ni ufunguo wa lango.

Mimi huona uzuri wake kwenye hesabu. Kumbukeni nilisema romingi ni deni kati ya kampuni mbili. Celtel Kenya, Celtel Uganda na Celtel Tanzania zilikuwa watoto wa mama mmoja. Deni kati yao ni pesa ya kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto. Kwa hiyo waliweza kulifuta. Wakaunganisha mitambo yao kuvuka mipaka, wakayafundisha madaftari ya salio kusomana, na wakaruhusu kadi ya nchi moja iingie kwenye laini ya nchi nyingine. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, lakini kwangu mimi ndilo gumu kuliko yote. Linahitaji mfumo wa malipo unaoelewa sarafu tatu kwa wakati mmoja bila kupoteza senti ya mtu. Na haikuhitajika kujisajili wala kuweka amana. Mteja wa kadi, yule aliyekuwa amesahauliwa, aliingizwa tangu siku ya kwanza.

Washindani walishtuka. Safaricom ya Kenya, Vodacom ya Tanzania na MTN ya Uganda hazikuwa na mama mmoja, lakini zilikaa chini zikakubaliana, na huduma yao ikaitwa Kama Kawaida. Jina zuri hilo! Ukivuka mpaka unaongea kama kawaida. Somo lake ni kwamba hata kampuni zisizo ndugu zinaweza kupunguza deni kati yao zikiona wateja wanakimbia. Bei ambayo jana ilikuwa haiwezekani kushuka, leo inashuka bila mtambo hata mmoja kubadilishwa.

One Network ilizidi kupanuka. Mwaka 2007 iliingia Gabon, Kongo mbili, kisha nchi nyingine za Afrika zikiwemo Malawi na Nigeria. Mwaka 2008 ikavuka hadi Mashariki ya Kati, na mwaka huo huo jina Celtel likabadilishwa kuwa Zain. Mwaka 2010 biashara ya Afrika ikauzwa kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Nakumbuka mafundi wakipaka maduka ya Salama rangi upya, mara zambarau, mara nyekundu.

Lakini hapa historia inapinda. Muujiza wa Celtel ulisimama juu ya sharti moja: pesa isitoke nje ya familia. Miaka iliyofuata serikali kadhaa za kanda hii, Tanzania na Rwanda miongoni mwao, ziliweka kiwango maalumu cha malipo kwa kila dakika ya simu inayoingia kutoka nje. Serikali zilikuwa na hoja zake: zilitaka mapato, na zilitaka kuwanasa waliokuwa wakiingiza simu za kimataifa kwa siri kupitia rundo la laini za kawaida. Lakini rudini kwenye mfano wa mama wa Salama. Simu yake kwenda kwa mume aliye Kigali ni simu ya kimataifa kwa mujibu wa sheria. Ukiiwekea malipo ya lazima, hakuna kampuni inayoweza kuipokea bure, hata iwe mama mmoja kiasi gani. Mpaka ambao kampuni iliuondoa, sheria iliurudisha.

Kwa hiyo hatua iliyofuata ilibidi itoke kwa serikali zenyewe. Mwaka 2014 viongozi wa nchi za Ukanda wa Kaskazini, yaani Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, walikubaliana kuunda eneo moja la mtandao. Huo ndio ukanda wa barabara inayopita mbele ya duka letu. Mpango ulikuwa na vipengele vinavyofanana na orodha ya makosa ya nyuma yanayosahihishwa moja baada ya jingine. Kupokea simu ukiwa nchi mwenzako, bure. Malipo ya ziada ya serikali kwa simu za kanda, yaondolewe. Kampuni zisidaiane zaidi ya senti 7 za dola kwa dakika, na mteja asitozwe zaidi ya senti 10. Kenya na Rwanda zilianza Oktoba 2014, Uganda na Sudan Kusini zikafuata. Simu kati ya nchi hizo ziliongezeka mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Watu walikuwa na mengi ya kuambiana siku zote, ila bei iliwafunga midomo.

Tanzania na Burundi hazikuwemo tangu mwanzo, kwa hiyo dereva wa kwenda Kampala alipata nafuu ambayo mwenzake wa kwenda Arusha hakuipata. Umbali ni mfupi zaidi, bei ni kubwa zaidi. Mnaona tulivyorudi pale pale? Umbali si sababu.

Linganisheni na Ulaya. Wao walianza kuweka ukomo wa bei kwa sheria mwaka 2007, wakapunguza kidogo kidogo kwa miaka 10 mpaka wakafika 2017. Sisi tulianza na kampuni, tukafika mbali kwa siku moja, tukarudishwa nyuma, ndipo sheria ikaja. Njia ya Ulaya ilikuwa ya polepole lakini haikutegemea nani amemnunua nani. Ya kwetu ilikuwa ya kasi, lakini kilichotolewa na kampuni bila kulindwa na sheria kinaweza kuondoka bila kuaga.

Je, leo haya yana maana yoyote, wakati kila mtu ana WhatsApp? Yana maana. Kwanza, si kila mama ana simu janja, na si kila kilomita ya barabara ya Juba ina intaneti. Simu ya kawaida ndiyo inayofika usiku wa manane. Pili, data ya romingi hufuata njia ile ile ya zamani. Ukiwasha data ya laini ya Kenya ukiwa ugenini, mara nyingi kila picha inarudi kwanza kwenye mitambo ya nyumbani ndipo itoke kwenda duniani, ndiyo maana tovuti zinaendelea kukuona kama uko Kenya. Safari ni ile ile, na mkataba upo vile vile.

Kwa hiyo mkisafiri, fanyeni haya. Zimeni data ya romingi kabla ya mpaka, siyo baada, maana programu zinazojisasisha zenyewe hazitangoji mgongewe muhuri. Acheni laini ya nyumbani ndani ya simu kwa ajili ya kupokea, na mnunue laini ya wenyeji kwa ajili ya intaneti. Simu za laini mbili zimetuondolea kazi ya kukunja laini kwenye leseni. Mkikaa karibu na mpaka, chagueni mtandao kwa mkono. Na kabla ya kuondoka, ulizeni kampuni yenu bei ya nchi ile mnayokwenda hasa, kwa sababu jirani mmoja anaweza kuwa ndani ya makubaliano na mwingine nje.

Na kwa wenzangu tunaoandika mifumo: karibu na Salama, pale Malili, serikali inajenga mji wa teknolojia wa Konza, na kila mwezi nasikia mtu akisema tunahitaji ubunifu zaidi. Sikatai. Lakini mwaka 2006 ubunifu ulikuwa kukaa chini na kuuliza deni hili linadaiwa na nani, na linaweza kufutwa na nani. Msimbo ulifuata baadaye. Ukikuta kitu ghali ambacho mitambo yake ni rahisi, usianze na mitambo. Tafuta mkataba, usome, kisha ujue ni nani ana kalamu.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye misimbo. Safari njema kwa mnaosafiri.